Nimeuza Impreza, nimenunua Vitz: shajara ya miezi mitano kati ya Arusha na Moshi

1 Februari

Jana fundi kanipa bili ya tatu ndani ya miezi mitatu, nikaikunja na kuitia kwenye pochi bila kuisoma. Usiku nikaitoa, nikaiweka mezani na wenzake wawili, nikachukua daftari la duka lililobaki kurasa nyingi na kuanza kuandika haya.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, namba C, cc 1994 na turbo, gia za mkono. Makaratasi ya Japani yanasema nguvu za farasi 250. Nimekaa nalo miaka sita. Ni langu, na kadi ina jina langu. Hilo nalisema mapema kwa sababu sijawahi kuegesha karibu na Mnara wa Saa pasipo mlinzi kuniuliza shemeji, yaani mume wangu, kaelekea wapi.

Naishi Moshono, duka langu la dawa liko Ngarenaro, na kila Jumamosi nashuka Moshi kumwona mama, Rau. Mjini natembea kama kilomita 150 kwa wiki. Moshi kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya huko, 170. Jumla 320.

Kwa wiki nne zilizopita nimepima mafuta kwa njia ya kizamani: sheli ile ile, pampu ile ile, najaza hadi pampu ijikate, narudisha kihesabu cha kilomita kwenye sifuri, natembea, najaza tena, nagawanya. Mjini Subaru imenipa kilomita 6.5 kwa lita, barabara kuu 9.5. Ni lita 41 kwa wiki. EWURA, wadhibiti wa nishati, hutangaza bei elekezi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo bei haitulii; humu nitaweka shilingi 3,000 kwa lita kila mahali ili nilinganishe magari na si bei. Basi ni 123,000 kwa wiki, na kwa mwezi 530,000 na kidogo. Kodi ya fremu yangu haiko mbali na hapo.

Na humo humo kwenye lita kuna kitu tulichokwisha kukisahau. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, na badala yake mafuta yakaongezwa shilingi 40 kwa lita. Siku ile nilishangilia. Leo ndiyo naona kwamba mwenye gari la kiu anakata leseni yake na nusu ya jirani.

Bili zenyewe: Novemba klachi, Desemba shokapu za nyuma, Januari taiming belti pamoja na pampu ya maji. Jumla 2,340,000. Sijaibiwa. Belti ya injini hii ina umri wake, kilomita 100,000, na ikikatika njiani valvu na pistoni zinapigana. Ni gari tu limefika kwenye kilomita zake, nami nimefika kwenye zangu.

2 Februari

Upande wa pili wa daftari: yasiyo na bei.

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally hapo Kenya akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaishinda tena na Impreza. Mara ya kwanza nilikuwa shule ya msingi. Baba alikuwa dereva wa lori, na kwake mashindano mengine yote yalikuwa michezo ya watoto. Hili ndilo alilolifuatia redioni, na picha ya gari la bluu lenye rimu za dhahabu aliikata gazetini akaibandika kwenye kabati la vyombo. Mama hakuipenda, lakini haikubanduliwa hadi kabati lenyewe lilipooza.

Langu ni la rangi ya majivu. Ila mlio ni ule ule. Injini hii pistoni zake zimelala, zinatazamana ubavu kwa ubavu na kurusha ngumi kama mabondia, hata jina lake la boksa limetoka hapo. Kule kukoroma kwake kunatokana na mabomba ya ekzosi kutolingana urefu: moshi wa upande mmoja unatembea njia ndefu kuliko wa upande wa pili. Mama anausikia nikiwa bado kwenye kona ya kanisa. Nikizima gari uani, maji ya chai yako jikoni.

Jioni mdogo wangu ameshika saa ya simu pale barabara ya Njiro ilipokuwa tupu. Kutoka 50 hadi 90, gia ya tatu: sekunde 5. Nimeiandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

8 Februari

Tochi, ile ya trafiki ya kupimia mwendo. Nimekaa na mama tukahesabu karatasi za faini nilizozihifadhi kwenye kabrasha la bima, nikijua kabisa sizihitaji tena. Kwa miaka sita, Usa River peke yake nimepigwa tochi mara saba. Kila moja 30,000. Mama akasema, "Laki mbili na kumi, mwanangu. Hiyo ni mbuzi na majani yake."

Sikuwa nakimbia kwa makusudi. Ni gari lisilojua 50 ni nini. Ukigusa tu, liko 70, na kijiji bado hakijaisha.

22 Februari

Wiki mbili za kutafuta. Nimeangalia IST tatu, Passo moja, March moja na Vitz nne. IST ni gari zuri lakini bei yake imekataa kushuka. Kila mtu anajua kwamba kila mtu anaitaka. March niliipenda, ila nilipowauliza mafundi watatu habari za spea, wote walisita kabla ya kujibu. Kwa muuza dawa kusita kule kuna maana.

Nikabaki na Vitz ile ya umbo la pili, yenye cc 996. Injini yake iliundwa na Daihatsu, na ndiyo iliyomo pia kwenye Passo, kwa hiyo spea zake ziko kila duka pale mjini. Na cc 996 zenyewe si bahati mbaya. Ushuru wa bidhaa wa magari hupanda kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1000 hakuna, ukivuka hapo ni asilimia 5, ukivuka 2000 ni 10. Ndiyo maana vimejaa mjini kama kumbikumbi.

Ya kwanza niliyopelekwa na dalali ilisoma kilomita 74,000. Pedali ya breki ilikuwa imelika mpira hadi chuma kinang'aa. Nikamwambia dalali mguu huo haukukanyaga kilomita 74,000. Akacheka, akasema twende ya pili.

1 Machi

Ya nne ndiyo hii. Moshi, Majengo, kwa mwalimu mstaafu. Vitz ya 2008, namba D, nyeupe, kilomita 131,420 ambazo nimeziamini kwa sababu mzee ana daftari. Kila oili aliyomwaga imeandikwa tarehe, kilomita na bei, kwa mwandiko wa ubaoni. Nilimwamkia, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikajua nanunua.

Niliangalia deni la faini kwa namba ya gari kwenye mtandao wa polisi: karatasi mbili hazijalipwa, 60,000. Mzee aliona haya kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi ya majibu. Tukazikata kwenye bei. 8,400,000, mkataba kwa wakili, kadi TRA, na mengine ni foleni tu.

Subaru ilikuwa imeondoka Alhamisi kwa 12,500,000. Aliyeichukua ni chalii wa Sakina, na aliniuliza swali moja tu: kama turbo inapuliza. Kuhusu oili hakuuliza chochote. Nilimwandikia kwenye karatasi: kila kilomita 5,000, na ukitoka barabara kuu usizime papo hapo, iache iungurume dakika moja turbo ipoe. Aliikunja karatasi kama mimi nilivyokunja bili.

7 Machi

Wiki ya kwanza mjini.

Vitz inatetemeka. Ukiwa umesimama kwenye foleni ya Sanawari, usukani unanong'ona na kioo cha ndani kinacheza. Silinda ni tatu, na tatu hazina wa kusawazishana naye kama zile nne za Subaru. Injini inataka kuinuka mwisho mmoja na kushuka mwingine, na kazi ya kuizuia imeachiwa mpira wa maunti, ule unaoishikilia. Wa kwangu, nahisi, umechoka.

Toyo, pikipiki za abiria, zinanichomekea. Zamani zilikuwa zinaniangalia kwanza. Vifodi, daladala zetu, navyo vimegundua kwamba nitafunga breki. Nje ya benki mama mmoja mwenye mizigo alifungua mlango wa nyuma akaketi, akasema, "Bolt ya Njiro?" Nilimpeleka. Ilikuwa njia yangu, na alikuwa ameshaketi.

Hakuna mlinzi aliyeniuliza shemeji yuko wapi. Wiki nzima. Eti hili ni gari la kike, na kwa hiyo ni langu. Sijui nifurahi au nikasirike, nimeamua kuegesha tu.

Na bado kila nikifika nyumbani nakaa dakika nzima injini ikiunguruma kabla ya kuzima. Hakuna turbo. Mwanangu ameniuliza tunasubiri nani.

8 Machi

Jumamosi ya kwanza barabara kuu. Nilijaza mafuta Arusha, nikajaza tena Moshi, nikajaza tena niliporudi, ili kushuka na kupanda visichanganyike.

Kushuka: kilomita 19 kwa lita. Kupanda: 15. Nilijua kuna mteremko ila sikujua una uzito huu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na KIA, uwanja wa ndege ulio njiani, ni 894. Nusu kilomita ya kupanda, unaibeba kwa petroli.

Kuna lingine la kimo. Hewa ya Arusha ni nyepesi, kama sehemu moja ya saba pungufu ya ile ya pwani. Turbo inashindilia hewa kabla ya kuiingiza, kwa hiyo Subaru haikuwahi kuniambia kwamba tunaishi mlimani. Vitz inavuta iliyopo. Farasi wake 71 wa karatasini, wakifika Moshono wamebaki kama 60, na baadhi yao wanaendesha kiyoyozi.

Kwa upande mwingine, Vitz inaridhika na petroli ya pampu. Injini ya Subaru kwao Japani inapewa ile ya oktani 100. Hapa ilikuwa inakunywa tunayokunywa wote, nami naongeza kichupa cha dawa ya mafuta kila tenki, nikijihisi mgonjwa anayejiandikia dawa mwenyewe. Vile vichupa sikuviweka kwenye hesabu ya Februari. Nimerudi nyuma kuvihesabu, halafu nikaacha. Inaumiza.

Mama hakunisikia. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapalilia, na chai hakuna. "Umekuja kwa miguu?" akauliza.

11 Machi

Gereji, Unga Limited. Fundi ni yule yule wa Subaru. Alizunguka Vitz mara moja, akasema, "Dada, hii tutaonana mara moja moja." Sikujua kama ananipongeza au anajililia.

Maunti ya injini ya kulia ilikuwa imechanika, kama nilivyohisi. Bushi za mbele mbili, stabilaiza linki mbili, plagi tatu, ea klina, oili na filta yake. Plagi alizibadilisha nikiwa nimesimama hapo, robo saa, zote ziko juu zinaonekana. Kwenye Subaru ziko ubavuni, zimebanwa na bodi, na kila mara alikuwa ananiambia nirudi jioni. Oili lita tatu na ushee; ile ilikuwa inameza zaidi ya nne. Jumla na ufundi: 415,000.

Mtetemo umepungua nusu. Nusu nyingine ndiyo tabia yake.

Bima nayo: bima ndogo ni 118,000, sawasawa na niliyokuwa nalipa Subaru. Farasi 250 au 71, ni bei moja. Kama ningekuwa na bima kubwa ningeona tofauti, maana ile hufuata thamani ya gari.

29 Machi

Mvua zimeanza. Barabara ya kuingia kwetu Moshono ni ya mawe na vumbi, sasa mawe na tope. Hapa nilitegemea majuto na sijayaona. Tairi za Subaru zilikuwa 215/45 rimu 17, shavu la tairi halifiki sentimita kumi, kila jiwe linagonga rimu moja kwa moja. Vitz ina 165/70 rimu 14. Nyembamba, lakini shavu lina karibu sentimita kumi na mbili, na mawe yanaishia humo. Tairi moja mpya ya hii inaingia mara mbili na nusu kwenye bei ya moja ya ile.

Rimu za akiba za Subaru, nne, bado ziko stoo. Chalii hakuzitaka.

19 Aprili

Jumamosi ya kabla ya Pasaka, Kibosho. Hii naiandika kwa urefu.

Kila Pasaka tunapanda nyumbani kwa kina baba. Ndani ya gari: mimi, mama mbele, dada na wanawe wawili nyuma. Kwenye buti: kilo 25 za mchele, sukari, mafuta ya kula lita kumi, kreti ya soda, na mashine ya kukamua juisi ambayo dada hasafiri bila hiyo. Usiku mvua ilinyesha. Lami tulipanda vizuri, gia ya pili, taratibu, tukipitwa na kila mtu. Kisha tukaacha lami. Kilomita moja ya mwisho ni njia ya udongo mwekundu katikati ya migomba, na mahali pamoja kabla ya geti pana mwinuko ambao sikuwahi kuufahamu kama mwinuko, maana Subaru inavuta kwa matairi yote manne na ilikuwa inaupita kama uwanja.

Vitz ilifika katikati, tairi za mbele zikaanza kuzunguka bure. Nikarudi chini, nikaja kwa kasi kidogo. Katikati, tena. Mara ya tatu ilianza kwenda upande, kuelekea mfereji wa babu zetu, na mama akasema neno la Kichagga ambalo sitaliandika. Wakashuka wote. Bado. Vijana watatu wakatokea migombani wakiwa na mikono mifukoni. Mmoja akasema, "Anti, ile Subaru iko wapi?"

Akaja mzee jirani, fimbo mkononi, viatu vya mvua. Nikamwamkia. Akatazama tairi za mbele, akatazama buti.

"Linavuta kwa mbele, si ndiyo?"

"Ndiyo, babu."

"Na mzigo umeuweka nyuma. Mlimani uzito wote unarudi nyuma, mbele panakuwa pepesi. Tairi litashika nini? Geuza gari. Panda kinyumenyume."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania, alishaanza kuwaelekeza vijana watoe mawe pembeni. Niligeuza pale chini kwa kata-rudisha nyingi, nikaelekeza buti mlimani, nikaweka rivasi, nikageuza shingo. Sasa injini na tairi zinazovuta zilikuwa upande wa bondeni, na uzito wa gari zima umezilalia. Ikapanda. Polepole, inalia kama cherehani, lakini haikuteleza hata mara moja. Niliingia getini kwa mgongo, mbele ya ukoo mzima uliokuwa umetoka kuangalia kelele ni za nini.

Shingo inauma hadi leo jioni. Babu nilimpelekea soda mbili na robo kilo ya sukari, akasema kwenye Datsun ya shirika alikuwa anapanda kinyumenyume tangu hatujazaliwa, isipokuwa ile ilikuwa inavuta kwa nyuma, kwa hiyo yeye alikuwa anafanya hivyo kwa sababu giaboksi ilikuwa imebaki na rivasi peke yake.

10 Mei

Leo nimefanya kosa, na ni langu.

Narudi Arusha saa kumi na moja jioni, mikungu miwili ya mshare kwenye siti ya nyuma iliyolazwa, kiyoyozi kinavuma. Baada ya Kikatiti kuna lori la mbao linatembea 50. Mbele peupe. Nikatoka kulipita kama nilivyozoea kwa miaka sita: unatoka, unakanyaga, umeshapita. Nilikanyaga. Injini ikapaza sauti. Sauti tu. Nikawa ubavuni mwa lori, sawa na tairi lake la katikati, tunatembea pamoja kama maharusi, na basi la kutoka Arusha likatokea kwenye upeo likiwasha taa.

Subaru pale ungekanyaga zaidi. Hapa nilikuwa nimeshakanyaga yote. Dereva wa lori alifunga breki, Mungu ambariki, nikaingia mbele yake, basi likapita na honi ndefu. Nilisimama Maji ya Chai, nikanywa maji, nikakaa na kutazama ndizi.

Usiku nilimwita tena mdogo wangu na saa yake. 50 hadi 90, gari tupu, kiyoyozi kimezimwa: sekunde 12. Kwa mwendo huo wa wastani ni mita 230 hivi upande usio wako. Subaru kwa sekunde 5 ilikuwa inatumia chini ya mia. Wote mliokuwa mnaniambia gari lenye nguvu ni la kujiua, chukueni na hii. Kwa miaka sita nguvu zile nilizitumia zaidi kurudi upande wangu mapema.

Kanuni yangu ya sasa, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya redio: kiyoyozi zima, gia shusha kabla ya kutoka, si ukiwa nje. Na mlimani, usitoke. Lori litafika Usa River, nawe utafika.

21 Mei

Jumatano. Nimeshuka Moshi bila sababu. Duka nilimwachia msaidizi, nikafika Rau saa sita, nikala mtori, nikarudi.

14 Juni

Hesabu ya miezi mitatu na nusu. Vitz mjini 13, barabara kuu 17. Kwa wiki ya kilomita 320 ni lita 21.5, yaani 64,500 badala ya 123,000. Kwa mwezi naokoa kama 250,000.

Naokoa kwenye daftari, yaani. Mfukoni nilipotafuta sikuzikuta zote. Gereji: 415,000 za Machi, na Mei diski na pedi za mbele 195,000. Ile tofauti ya kuuza na kununua, 4,100,000, ukitoa dalali, wakili na uhamisho, ilinunua friji ya dawa pale dukani, ambayo nilikuwa naiahirisha miaka miwili huku nanunua klachi. Hiyo sijutii hata senti.

Lakini kuna tundu jingine, na nimelitoboa mwenyewe. Tangu ile Jumatano ya Mei nimeenda Moshi katikati ya wiki mara nne. Haikuwamo kwenye mpango. Zamani safari moja ilikuwa elfu 54 za mafuta na kisirani cha kusikiliza kila mlio. Sasa ni elfu 30, na milio yenyewe siiogopi. Kwa hiyo naenda. Wiki ya safari mbili Vitz inakunywa lita 31.5, elfu 94 na nusu. Bado ni chini ya Subaru ya safari moja, ila ule mpango wa kuweka 250,000 benki kila mwezi umekuwa hadithi. Shemeji yangu, mhasibu, ameuita upotevu. Nikamwomba aniwekee kwenye jedwali lake safu ya mtori.

Tochi: sifuri. Tangu Machi. Kufika 70 kijijini kwa gari hili unahitaji kudhamiria.

28 Juni

Rimu zimepata mtu, wa Kijenge, 600,000 zote nne pamoja na tairi mbili zilizobaki na meno. Nimezisaidia kupanda kwenye kirikuu. Stoo imebaki na alama nne za duara sakafuni.

Zile tairi mbili zilizoisha kabisa mama ameomba nimpelekee. Anataka kuzipasua apande maua mlangoni, zimegeuzwa nje-ndani na kupakwa chokaa, kama za jirani yake.

5 Julai

Kilomita 138,300. Oili ilimwagwa kwenye 136,400, haijapungua kwenye kijiti. Yaliyobaki: wili beringi ya nyuma kushoto imeanza kuvuma kwa mbali ikipita 80, mpira wa mlango wa buti unaingiza vumbi, na breki ya nyuma kulia inalia.

Kuhusu hiyo breki: fundi amefungua dramu, kumejaa vumbi la Moshono, bitana bado ni nene, hakuna hatari. Anataka aipige msasa na kuisafisha leo leo, aondoe kelele. Inalia mara moja tu, ndefu, gari likikaribia kusimama, kama mlango wa zizi. Jumamosi iliyopita nilipofunga breki pale kwenye kona ya kanisa kuwapisha watoto, kisha nikaingia uani, maji yalikuwa jikoni.

Nimemwambia fundi beringi aibadilishe leo. Breki tutaitazama mwezi ujao.